UZI: Kuratibu huduma za mapema kwa mtoto anayechelewa kukua, kazi yenyewe inafanyikaje?

Kiungo (#1)

Wakuu, mada za usonji, mtindio wa ubongo na kuchelewa kuongea zimejaa humu, na karibu zote zinaishia kwenye "nimpeleke kwa nani?" Hapo pana jibu. Pasipo na jibu ni hapa: nani anahakikisha mtaalamu wa pili anajua alichokiona wa kwanza, na kwamba mzazi harudi nyumbani na maagizo matano yanayogongana? Uzi huu ni wa hilo tu.

Msimamo wangu niuweke mapema. Mtoto mmoja, mratibu mmoja anayejulikana kwa jina. Awe muuguzi, mtu wa tiba ya viungo, ofisa ustawi au mwalimu, haidhuru. Mambo huharibika pale kila mmoja anapodhani mwenzake anafuatilia.

Siku rufaa inapoingia, kabla hujampigia mtaalamu yeyote:

Kokotoa umri. Mtoto njiti hupimwa kwa umri uliorekebishwa mpaka atimize miaka 2. Chukua wiki 40, toa wiki za mimba alizozaliwa nazo, jibu lake litoe kwenye umri wa kalenda. Aliyezaliwa wiki ya 32 na sasa ana miezi 10: 40 − 32 = 8, yaani kama miezi miwili, basi mlinganishe na wa miezi 8. Ukilisahau hili utamwandikia mtoto ucheleweshaji asiokuwa nao. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kuendelea kusema "ni njiti huyu, mwacheni" wakati pengo limeshazipita zile wiki 8.

Uliza masikio na macho. Wa usemi watakuja hapa chini walieleze.

Usingoje jina la ugonjwa. Mtoto wa miezi 14 asiyekaa mwenyewe anahitaji kazi ya mkao na nguvu za kiwiliwili leo, lije kuitwa mtindio wa ubongo au lisiitwe. Ila kutafuta chanzo kuende sambamba, maana vyanzo vingine vina dawa: tezi ya thairoidi iliyolegea, upungufu wa madini ya chuma, kifafa, sumu ya risasi.

Fungua daftari la rufaa. Safu sita zinatosha: imetumwa lini, imepokewa lini na nani, miadi ni lini, alihudhuria au la, ripoti imerudi lini, mzazi ameelezwa lini. Safu mbili za mwisho ndizo huwa tupu kwenye madaftari mengi. Na rufaa nyingi hufia kati ya "imetumwa" na "imepokewa": namba ya simu imebadilika, barua kapewa mama bila kuambiwa inasema nini, au idara imerudisha fomu kwa sababu ya kisanduku kimoja kisichojazwa na hakuna aliyearifiwa. Piga simu baada ya wiki moja kuuliza kama imefika. Usingoje tarehe ya miadi ndipo ugundue hakuna miadi.

Viungo_na_Mkao (#2)

Sawa kabisa. Nataja wale wasiopanga foleni, maana daftari zuri linaweza kumlaza mtoto wa dharura katikati ya mstari.

Wa kwanza ni yeyote aliyepoteza ujuzi aliokuwa nao. Alikuwa na maneno, hayapo. Alikuwa anakaa, hakai. Umri wowote, daktari wiki hiyohiyo.

Wa pili ni mchanga anayepata vishtuko vya mfululizo: kichwa kinadondoka mbele au mikono inaruka, anatulia sekunde chache, inarudi tena, mara nyingi akiwa ndiyo kwanza ameamka. Huanza hasa kati ya miezi 3 na 12. Nyumbani watasema ni tumbo au anashtuka tu. Hiki ni kifafa cha wachanga na kila siku ya kuchelewa inagharimu ubongo. Apelekwe siku hiyohiyo, na mzazi aende na video ya simu, kwa sababu mtoto hatashtuka mbele ya daktari kwa kuagizwa.

Wa tatu ni kichwa kinachokua upesi kupita mstari wake kwenye kadi, hasa macho yakiwa yanaelekea chini muda wote. Tepu ya kupimia kichwa ipo kila kliniki lakini haitumiki inavyopaswa.

Kisha kuna ishara isiyo ya dharura inayopuuzwa kwa sababu inapendeza: mtoto wa chini ya mwaka mmoja "ameshachagua mkono". Umri huo mikono yote hufanya kazi. Akitumia mmoja tu, chunguza ule mwingine.

Kitu kimoja kwa waratibu wenye watoto wa mtindio wa ubongo: nyonga. Hutoka polepole bila maumivu mwanzoni, na mzazi hawezi kuona. Hatari hufuata ngazi ya utembeaji, ile mizani ya GMFCS ya ngazi 5. Ngazi ya kwanza (anayetembea mwenyewe) hatari karibu haipo; ngazi ya tano (asiyetembea kabisa) nyonga husogea kwa takriban watoto 9 kati ya 10. Kwa hiyo ngazi iandikwe juu ya jalada, na tarehe ya eksirei inayofuata ya nyonga iandikwe pembeni yake. Isiachwe kichwani mwa mtu.

mgeni_wa_kada (#3)

Naomba kuuliza kwa mfano. Mtoto ana miaka 2 na miezi 2, hana neno, anatembea na kukimbia vizuri, akiitwa hageuki. Fomu nne ziko mezani: masikio, tiba ya usemi, daktari wa watoto, tathmini ya usonji. Foleni zote ndefu. Tunaanza na ipi?

Kiungo (#4)

Zote nne zitoke leo. Foleni hazisubiriani. Makosa makubwa ya uratibu ni kuzipanga mfululizo: masikio kwanza, yakijibu ndiyo tuandike ya usemi, usemi wakijibu ndiyo tuandike ya usonji. Kwa mwendo huo mtoto anafika miaka 3 bado yuko kwenye karatasi.

Unachokipanga ni mpangilio wa kuhudhuria. Masikio yatangulie tathmini rasmi ya lugha na ya usonji, kwa sababu mtoto asiyesikia naye hageuki akiitwa, na ripoti itakayoandikwa bila jibu la masikio itabidi irudiwe. Piga simu idara ya masikio, waambie tarehe ya tathmini inayofuata, uone kama watamsogeza.

Angalia pia umri wa vifaa. Dodoso la M-CHAT-R/F, la uchunguzi wa awali wa usonji, limetengenezwa kwa miezi 16 hadi 30. Huyu ana 26, bado linamfaa. Mkikaa miezi mitano mingine halimfai tena. Lina maswali 20: alama 0 hadi 2 hatari ndogo, 3 hadi 7 rudi kwa mzazi na maswali ya ufuatiliaji, 8 na zaidi peleka moja kwa moja. Hatua ya ufuatiliaji ndiyo wengi wanairuka, halafu wanalalamika kwamba dodoso linakamata kila mtoto.

Na wakati mnangoja, mzazi aanze mafunzo. Shirika la Afya Duniani lina programu ya stadi kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Haidai cheti cha utambuzi, na anayeiendesha si lazima awe bingwa.

Usemi_na_Masikio (#5)

Nimeitwa, nimefika.

Tusikubali "anasikia, mlango ukigongwa anageuka". Mlango ni sauti nene na kubwa. Lugha inategemea sauti nyembamba na ndogo kama s, f na sh, na mtoto anaweza kuzikosa hizo zote huku akisikia mlango, ngoma na gari. Kwa hiyo kipimo, si kupiga makofi nyuma ya kichwa. Ukipiga makofi anahisi hata upepo.

Wachanga kanuni ni 1-3-6: uchunguzi wa awali kabla ya mwezi 1, uthibitisho kabla ya miezi 3, huduma kuanza kabla ya miezi 6.

Hapa pana mtego ambao mratibu lazima aujue. Kipimo cha OAE huangalia sikio la ndani linavyojibu. Hakiangalii mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo. Mtoto aliyepata manjano kali akiwa mchanga anaweza kufaulu OAE vizuri huku mshipa umeharibika. Huyo anahitaji ABR, kinachosoma njia ya sauti mpaka shina la ubongo. Kwa hiyo ukiona "manjano kali" au "alibadilishiwa damu" kwenye historia na "masikio sawa" kwenye ripoti, uliza masikio sawa kwa kipimo gani.

Aliyefaulu akiwa mchanga pia si amepita maisha. Maji nyuma ya ngoma ya sikio huja na kuondoka, hasa kwa watoto wa mafua ya mara kwa mara, na ni ya kawaida sana kwa watoto wenye Down syndrome. Wapimwe tena.

Nyongeza ambayo itanigombanisha na baadhi: acheni kuwaambia wazazi wenye lugha mbili waache moja. Lugha mbili hazisababishi ucheleweshaji. Hesabu maneno ya lugha zote pamoja. Akiwa na 12 ya nyumbani na 10 ya jirani, ana 22. Mkimnyang'anya mzazi lugha anayoimudu, mnampunguzia mtoto mazungumzo.

Tibakazi (#6)

Niingie kwenye programu za nyumbani, maana uratibu wenyewe unapimwa hapo.

Hesabu rahisi. Viungo wanatoa dakika 20 za mazoezi asubuhi na jioni. Usemi dakika 15 mara mbili. Mimi natoa 20. Lishe wanaongeza mlo wa sita. Kila mmoja ametoa kitu cha busara, jumla ni dakika 90 kwa siku bila ule mlo, na nyumba ina watoto wengine. Baada ya wiki mbili mzazi anafanya robo, anajiona mzembe, anaanza kukwepa miadi. Kisha tunaandika "mzazi hatoi ushirikiano".

Dawa yake ni kuacha kugawa mazoezi na kuanza kugawa shughuli za siku. Kaa na mlezi, pitia siku kuanzia kuamka mpaka kulala, kila shughuli uliza tatu: wengine wanafanya nini wakati huo, mtoto anafanya nini, na ni ipi inayokuchosha? Chagua mbili au tatu zinazochosha, uweke malengo yote humo. Kuvaa suruali akiwa ameegemea kiti ni mizani ya mwili, ni mkono wa kulia kuvuta, ni neno "mguu", na suruali ingevaliwa hata hivyo.

Hili linataka mtaalamu kiongozi mmoja aonane na familia mara kwa mara, wengine wamshauri yeye. Bila hivyo tutaendelea kushindana kwa dakika za mama wa watu.

Dozi_Kamili (#7)

Napinga kidogo. Mtaalamu mmoja anayebeba malengo ya wote ni mpango mzuri pale wengine wapo nyuma yake kweli. Sehemu nyingi "mtaalamu kiongozi" ni jina la heshima la "hatuna wengine". Halafu kuna mambo yasiyokwenda kwa kuchanganya na suruali. Mtoto mwenye udhaifu wa upande mmoja akifanyiwa tiba ya kuzuia mkono wenye nguvu ili ule dhaifu ufanye kazi, anahitaji saa nyingi za mazoezi makini ndani ya wiki chache. Ukizitawanya kwenye kuvaa na kuoga hutapata matokeo.

Tibakazi (#8)

Kwa tiba hiyo uko sahihi. Ila iwe ni kipindi chenye mwanzo na mwisho, na mratibu awaombe wengine wapumzike wiki hizo. Kosa ni kuirundika juu ya programu nyingine zote.

Na "wapo nyuma yake kweli" ipimike: kiongozi awe na mtu wa kila fani wa kumuuliza, na mshauri amwone mtoto kwa macho angalau mara moja kabla ya kila mapitio. Ushauri wa simu peke yake haumwoni mtoto anavyokaa.

Ofisa_Ustawi_M (#9)

Malengo. Mipango ninayoipitia imejaa "kuboresha mawasiliano" na "kuimarisha misuli". Hayo hayapimiki. Lengo liwe na nani, wapi, kiasi gani, mpaka lini. Mfano: "Wakati wa kula, ataomba 'zaidi' kwa ishara au sauti, mara 3 katika mlo mmoja, siku 4 kati ya 7, ifikapo mapitio ya miezi mitatu." Mlezi yeyote anaweza kulihesabu hilo. Malengo matatu hadi matano, yasizidi. Lisilohusu jambo ambalo familia imelitaja lenyewe, liulizwe limeingiaje.

Ridhaa: moja ya jumla haitoshi. Iandikwe nani atapewa nini, na mzazi ajue anaweza kuiondoa. Taarifa za VVU au za migogoro ya nyumbani hazina sababu ya kusafiri na ripoti ya usemi. Video zibaki kwenye kifaa cha mzazi, tena zisipite kwenye kundi la simu la wafanyakazi ambalo hakuna anayejua lina watu gani leo.

Kabla ya kikao cha mpango, uliza nani huamua nyumbani na nani hukaa na mtoto mchana. Mara nyingi ni watu wawili tofauti, na aliyealikwa ni wa tatu.

mgeni_wa_kada (#10)

Asanteni. Lishe na usemi wakitofautiana? Mmoja ameandika "ongeza kiasi cha chakula", mwingine "punguza kasi, anapaliwa".

Usemi_na_Masikio (#11)

Mfano bora wa kwa nini mratibu yupo, maana wote wawili wako sahihi. Mtoto amekonda, na akilishwa haraka chakula kinaingia njia ya hewa.

Mpangilio ni mkao, kisha ulaini, kisha kiasi. Mkao: nyonga, magoti na vifundo vikiwa takriban nyuzi 90, miguu imekanyaga kitu, kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo. Kamwe asilishwe amelala chali na kichwa nyuma. Ulaini: vimiminika vyepesi ndivyo hukimbilia njia ya hewa upesi zaidi, ila usivifanye vizito kwa kubahatisha, apimwe anameza nini salama. Hapo ndipo lishe wanaongeza nguvu ndani ya kiasi kilekile, kwa mafuta kwa mfano, badala ya kuongeza vijiko.

Dalili za kusimamisha na kupeleka: kikohozi kila mlo, sauti yenye majimaji baada ya kumeza, kubadilika rangi, homa za kifua zinazojirudia. Wengine hupaliwa kimya bila kikohozi, hivyo vifua vya mara kwa mara peke yake vinatosha kumtilia shaka. Mlo unaozidi dakika 30 kila siku nao ni dalili, hata kama sahani inaisha.

Andikeni karatasi moja ya kulisha, imesainiwa na wote wawili. Karatasi mbili ukutani, mlezi atafuata ile ya mtu mkali zaidi.

Mwalimu_wa_Awali (#12)

Sisi tunapokea jalada la kurasa 40 au hatupokei kitu. Tunachohitaji ni ukurasa mmoja: anawasilianaje anapotaka choo, maji, na anapoumwa, anakaa kwenye kiti gani, anakula nini salama, dawa za kifafa na cha kufanya kifafa kikizidi dakika 5, nini humtuliza. Alama za ASQ, lile dodoso la ukuaji wanalojaza wazazi, hazinisaidii darasani.

Kiungo (#13)

Na ASQ-3 wenyewe ni uchunguzi wa awali, si tathmini. Nyanja 5, maswali 6 kila moja, ndiyo 10, wakati mwingine 5, bado 0, jumla ya juu 60 kwa kila nyanja. Alama chini ya kikomo humpeleka mtoto kwenye tathmini, haimpi jina. Akiwa kwenye ukanda wa katikati, yaani juu kidogo ya kikomo, mpe mzazi shughuli za nyanja hiyo, weka tarehe ya kumpima tena, na iandikwe daftarini kama rufaa nyingine yoyote.

Kuhusu kuhamia shule, anzeni mapema kuliko mnavyodhani. Marekani, ambako huduma hizi huishia mtoto anapotimiza miaka 3, sheria inataka kikao cha mpito kifanyike angalau siku 90 kabla ya tarehe hiyo. Sheria hiyohiyo inatoa siku 45 tangu rufaa mpaka kikao cha kwanza cha mpango wa huduma kwa mtoto na familia yake, na mapitio kila miezi 6. Pasipo na sheria ya namna hiyo, jiwekeeni namba zenu na mzibandike juu ya daftari. Ninayopendelea mimi ni mapitio ya miezi 3 kwa walio chini ya miaka 2, maana miezi 6 kwa mtoto wa miezi 9 ni muda mrefu mno.

mgeni_wa_kada (#14)

La mwisho. Jalada tunalifunga lini?

Kiungo (#15)

Malengo yametimia na nyanja zote ziko ndani ya umri wake kwenye vipimo viwili vilivyoachana miezi kadhaa, au mratibu mwingine amepokea kwa jina na amempigia mzazi yeye mwenyewe. "Hakuja mara tatu" si sababu. Kwanza ujue kwa nini: nauli, miadi miwili siku moja pande mbili za mji, mtoto aliyelazwa, namba iliyobadilika. Jaribu namba ya pili, kisha mtu wa jamii aende nyumbani. Ukiishia kulifunga, andika mzazi apige simu wapi akitaka kurudi, na akirudi asianzie mwisho wa foleni.